AFYA: Kuvuja mkojo si ada ya uzazi, ni maradhi yenye tiba

Na MWANDISHI WETU

WAHENGA walinena kuwa mficha uchi hazai. Hata hivyo, wako wanawake wengi nchini ambao wamekwisha kuzaa, wakalea na hata kupata wajukuu, ilhali wangali wanaficha madhara yaliyowapata siku ile ile ya kujifungua.

Mmoja huketi nyuma kabisa kanisani, karibu na mlango. Mwingine ameacha kuhudhuria mikutano ya chama kwa kuhofia harufu. Wa tatu, huko pwani, hutawadha upya kila mara kwa hofu kwamba udhu umetenguka. Yupo pia asiyethubutu kucheka kwa sauti, kwa kuwa kicheko humtoa mkojo kabla hajajizuia.

Wengi wao wameambiwa na shangazi, mavyaa au jirani kwamba hiyo ndiyo hali ya mwanamke aliyezaa, na kwamba hana budi kuivumilia. Baadhi yao wamewahi kujibiwa hivyo hivyo na wahudumu wa afya.

Kauli hiyo si ya kweli. Kuvuja mkojo, kushindwa kuzuia haja kubwa au kuhisi kitu kikishuka ukeni ni dalili za maradhi yenye majina, sababu na tiba zinazojulikana. Jambo la msingi ni kwamba maradhi hayo si ya aina moja, na tiba inayomfaa mwanamke mmoja huenda isimfae mwenzake. Ndiyo maana mgonjwa anastahili kwanza kujua ana aina gani.

Sakafu isiyoonekana

Katika sehemu ya chini ya kiwiliwili, kati ya mfupa wa kinena upande wa mbele na kifandugu upande wa nyuma, imetandazwa misuli iliyofumana mithili ya kitanda cha kamba. Wataalamu huiita misuli ya sakafu ya nyonga.

Juu ya sakafu hiyo vimekaa viungo vitatu: kibofu cha mkojo upande wa mbele, kizazi katikati, na utumbo wa haja kubwa upande wa nyuma. Njia tatu nazo huipenya: njia ya mkojo, uke, na njia ya haja kubwa.

Misuli hii ikikazwa, njia hizo hubanwa. Ikilegezwa, mtu huweza kwenda haja. Kazi hiyo hufanyika mchana na usiku bila mwenyewe kuiwazia, na ndiyo sababu watu wengi hawajui kuwa wanayo misuli hiyo mpaka inapoanza kuwaangusha.

Kitanda cha kamba kikilegea, anayekilalia huzama. Vivyo hivyo, sakafu ya nyonga ikidhoofika au kuchanika, viungo vilivyo juu yake hukosa mhimili. Mkojo huponyoka, choo au hewa hutoka bila hiari, ama kizazi na kuta za uke huanza kuteremka.

Chanzo chake

Ujauzito na kujifungua ndivyo vyanzo vikuu. Kwa miezi tisa misuli hii hubeba uzito unaozidi kuongezeka, huku homoni za mimba zikiilainisha ili mtoto apate njia. Wakati wa kujifungua, kichwa cha mtoto huinyoosha kupita kiasi chake cha kawaida.

Hatari huongezeka mtoto anapokuwa mkubwa, mama anaposukuma kwa muda mrefu, au kichwa kinapovutwa kwa koleo la wakunga. Msamba nao, yaani sehemu iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa, unaweza kuchanika. Mchaniko mdogo hupona upesi. Mchaniko unaofikia misuli inayofunga njia ya haja kubwa unapaswa kushonwa na mtu mwenye ujuzi, katika chumba cha upasuaji inapowezekana, la sivyo mama anaweza kubaki akishindwa kuzuia choo.

Uchambuzi wa tafiti kutoka nchi mbalimbali uliochapishwa mwaka 2010 ulibaini kuwa takriban theluthi moja ya wanawake huvuja mkojo katika miezi 3 ya kwanza baada ya kujifungua. Kwa wengi hali hiyo hupungua kadiri siku zinavyosonga. Kwa wengine hubaki, au hupotea kisha ikarejea miaka mingi baadaye.

Kujifungua kwa upasuaji hupunguza hatari hiyo lakini hakuiondoi kabisa, kwa kuwa mimba yenyewe imekwisha kuilemea misuli. Hivyo basi, si busara kwa mama kudai upasuaji kwa sababu hiyo pekee.

Aidha, si uzazi tu unaodhuru. Ukomohedhi hupunguza homoni ya estrojeni na kuzifanya tishu za uke na njia ya mkojo kuwa nyembamba. Unene wa kupindukia, kikohozi cha muda mrefu, kufunga choo na kubeba mizigo mizito kila siku huisukuma sakafu hiyo chini bila kuipa nafasi ya kupumzika. Mtungi wa lita 20 ukijaa maji una uzani wa kilo 20, na wako kina mama wanaoubeba mara kadhaa kwa siku tangu arobaini haijatimia.

Kuvuja si kumoja

Daktari au muuguzi anapomuuliza mgonjwa maswali mengi kuhusu mkojo wake, hafanyi udaku. Majibu hayo ndiyo yanayomwonyesha aina ya ugonjwa.

Aina ya kwanza ni kuvuja kunakotokana na shinikizo. Mkojo hutoka kidogo mwanamke anapokohoa, kupiga chafya, kucheka, kuruka au kuinua mzigo. Kibofu chenyewe hakina kasoro. Tatizo ni kwamba misuli na tishu zinazoifunga njia ya mkojo zimelegea.

Aina ya pili ni kuvuja kwa haraka. Hapa mwanamke hushikwa ghafla na haja kali, akaanza kukimbilia msalani na pengine asifike. Huamka mara nyingi usiku, na wakati mwingine kusikia tu maji yakitiririka au kutia ufunguo mlangoni humtosha kumtoa mkojo. Tatizo hapa ni kibofu kinachojikaza kabla ya wakati wake.

Wapo wenye aina hizo mbili kwa pamoja, na hasa wanawake wa makamo.

Aina ya tatu ni kushuka kwa viungo. Mwanamke huhisi uzito chini ya tumbo, au kana kwamba ameketi juu ya mpira. Hali huwa mbaya zaidi jioni baada ya kazi na hupungua anapolala. Inapozidi, huweza kugusa au kuona uvimbe laini ukitokeza ukeni. Wengine hulazimika kuusukuma ndani kwa kidole ndipo waweze kumaliza haja.

Aina ya nne ni kushindwa kuzuia hewa au haja kubwa. Ndiyo inayofichwa zaidi ya zote, na mara nyingi chanzo chake ni mchaniko wa msamba ambao haukutambuliwa au haukushonwa ipasavyo.

Kuna pia hali iliyo kinyume cha udhaifu. Kwa baadhi ya wanawake misuli hii hukaza mno na kukataa kulegea. Hawa hupata maumivu wakati wa tendo la ndoa, hufunga choo na huona shida kuanza kukojoa. Hali hiyo huweza kuwapata hata waliokeketwa, kutokana na makovu na uchungu uliodumu. Kwao, mazoezi ya kukaza misuli huenda yakazidisha maumivu. Wanachohitaji ni kufundishwa kuilegeza.

Nasuri ni jambo jingine

Mkojo unaotiririka mfululizo, usiku na mchana, bila ya haja kuhisiwa wala kikohozi kutokea, hasa baada ya uchungu wa siku nzima au zaidi, haupaswi kuchukuliwa kuwa ni ulegevu wa misuli. Hiyo ni dalili ya nasuri, ambayo wengi huiita fistula.

Nasuri hutokea kichwa cha mtoto kinapokwama kwenye nyonga kwa muda mrefu. Kichwa hicho huzibana tishu za uke na kibofu dhidi ya mfupa, damu ikakosa kupita, na sehemu iliyobanwa ikafa. Siku chache baadaye sehemu hiyo hubanduka na kuacha tundu kati ya kibofu na uke, au kati ya utumbo wa haja kubwa na uke. Mara nyingi mtoto mwenyewe huwa amefariki.

Shirika la Afya Ulimwenguni (WHO) hukadiria kuwa wanawake kati ya 50,000 na 100,000 hupatwa na nasuri ya uzazi kila mwaka duniani. Umoja wa Mataifa umeitenga Mei 23 kuwa siku ya kupigania kutokomezwa kwake, na siku hiyo iliadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2013.

Tundu la nasuri haliwezi kuzibwa kwa mazoezi wala kwa mitishamba. Likigunduliwa mapema na likiwa dogo, daktari anaweza kuuweka mpira wa kutoa mkojo kwa majuma kadhaa, na baadhi ya matundu hujifunga yenyewe. Yaliyosalia huhitaji upasuaji wa daktari aliyefunzwa kazi hiyo. Kwa sababu hiyo, mama anayevuja mfululizo baada ya kujifungua arejee hospitalini mara moja, asingoje arobaini.

Afrika Mashariki na majirani zake wana historia ndefu ya kupambana na ugonjwa huu. Madaktari Reginald na Catherine Hamlin waliwasili Ethiopia mwaka 1959, na mwaka 1974 wakafungua hospitali ya nasuri jijini Addis Ababa ambayo imewatibu zaidi ya wanawake 60,000. Humu nchini, Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta imekuwa ikiandaa kambi za upasuaji wa nasuri, na mjini Eldoret ipo hospitali ya Gynocare iliyoanzishwa na daktari mpasuaji Hillary Mabeya.

Baadhi ya wanawake huendelea kuvuja hata baada ya tundu kuzibwa, kwa kuwa misuli iliyo kandokando nayo iliumia. Wasikate tamaa na kudhani kuwa upasuaji umefeli. Kuvuja huko kwa pili huweza kuhitaji tiba yake, ikiwemo mazoezi.

Mazoezi yanavyofanywa

Kwa kuvuja kunakotokana na shinikizo, tiba ya kwanza si kisu wala tembe bali ni mazoezi. Daktari Mmarekani, Arnold Kegel, ndiye aliyeyapa umaarufu katika tiba ya kisasa kupitia maandishi aliyoyachapisha mwaka 1948, na hadi leo yanajulikana kwa jina lake.

Uchambuzi wa majaribio 31 yaliyowahusisha wanawake 1,817 kutoka nchi 14, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kuwa miongoni mwa wanawake wenye kuvuja kwa shinikizo, asilimia 56 ya waliofanya mazoezi walisema wamepona, ikilinganishwa na asilimia 6 ya wale ambao hawakuyafanya. Ni dawa chache za kumeza zinazoweza kujisifu kwa tofauti kubwa kiasi hicho.

Kwanza, mwanamke aitambue misuli yenyewe. Aketi au alale kwa utulivu, kisha ajikaze kana kwamba anazuia hewa isitoke na wakati huo huo anazuia mkojo. Atahisi sehemu hiyo ikibanwa na kuinuka ndani kwa juu. Akiona tumbo, mapaja au makalio yakikaza, au akiona amezuia pumzi, ajue amekosea misuli.

Pili, akishaitambua, akaze kwa sekunde 3 hadi 5, kisha alegeze kwa muda uo huo. Kulegeza ni sehemu ya zoezi, si mapumziko tu. Arudie mara 8, na afanye hivyo mara 3 kila siku. Kadiri anavyopata nguvu, aongeze muda wa kukaza hadi sekunde 10. Aongeze pia mikazo mifupi ya haraka, kwa kuwa kikohozi huja ghafla.

Tatu, ajizoeze kuikaza misuli hiyo kabla tu ya kukohoa, kupiga chafya au kuinua ndoo. Wanawake wengi huona nafuu kutokana na mbinu hii peke yake.

Nne, avumilie. Misuli haijengeki kwa juma moja. Miongozo ya kitabibu hutaka mazoezi yafanywe kwa angalau miezi 3 ndipo matokeo yapimwe. Wengi wanaosema kuwa mazoezi hayakuwafaa waliyaacha mapema, au walikuwa wakikaza misuli isiyofaa.

Uzuri wa mazoezi haya ni kwamba hayahitaji ukumbi wala pesa. Mama anaweza kuyafanya akichambua maharagwe, akinyonyesha au akiwa ndani ya matatu, na abiria aliye kando yake asijue lolote. Onyo moja tu: asiyafanye kwa mazoea akiwa anakojoa, kwani kukatiza mkojo mara kwa mara huvuruga utendakazi wa kibofu.

Anayeshindwa kuitambua misuli yake amwone mtaalamu wa fiziotherapia. Hospitali nyingi za kaunti zina idara hiyo. Si kila mtaalamu aliyesomea maradhi ya nyonga, kwa hivyo ni vyema mgonjwa aulize waziwazi nani kati yao anayeshughulikia wanawake wenye tatizo hilo.

Kibofu chenye haraka

Kwa kuvuja kwa haraka, kibofu chenyewe ndicho kinachofundishwa adabu. Mgonjwa huanza kwa kuandika, kwa muda wa siku 3, saa alizokwenda haja, vinywaji alivyokunywa na nyakati alizovuja. Daftari hilo la shilingi chache humsaidia daktari kuliko maelezo ya jumla.

Kisha hujiwekea ratiba. Ikiwa huenda msalani kila baada ya saa moja, angoje kwa dakika 15 zaidi, huku akikaza misuli ya nyonga na kuvuta pumzi polepole mpaka haja itulie. Akizoea, aongeze dakika nyingine 15, hadi atakapoweza kukaa saa 3 au zaidi.

Chai kali, kahawa na soda zenye kafeini huchochea kibofu, kwa hivyo azipunguze. Lakini asiache kunywa maji. Wengi huacha kunywa wakidhani watakauka, kumbe mkojo uliokolea hukiwasha kibofu na kufunga choo huongezeka.

Mazoezi na ratiba yasipotosha, zipo dawa za kutuliza kibofu ambazo huandikwa na daktari baada ya kuhakikisha kuwa hakuna maambukizi ya njia ya mkojo wala kisukari, kwani maradhi hayo huweza kuleta dalili zizo hizo. Kwa wanawake waliokoma hedhi, krimu ya estrojeni inayopakwa ukeni huwasaidia baadhi yao.

Kwa aina zote mbili, kupunguza uzani kuna faida. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009, uliowafuata wanawake 338 wenye uzani wa kupita kiasi, ulibaini kuwa waliopunguza wastani wa asilimia 8 ya uzani wao katika miezi 6 walipungukiwa na visa vya kuvuja kwa asilimia 47. Wale waliopewa mafunzo ya jumla tu walipungukiwa kwa asilimia 28.

Kizazi kinaposhuka

Kushuka kwa viungo hupimwa kwa hatua. Katika hatua za mwanzo, mazoezi, tiba ya kikohozi, kula vyakula vinavyolainisha choo na kupunguza mizigo huweza kuzuia hali isizidi na kupunguza usumbufu. Kama hakuna dalili zinazomsumbua, mwanamke anaweza kuishi na hali hiyo bila madhara.

Hatua zinazofuata huweza kutibiwa kwa pesari, yaani pete laini ya silikoni inayowekwa ukeni ili kuvishikilia viungo. Wazo hilo ni la kale. Maandishi ya utabibu ya Ugiriki ya kale yanataja nusu ya komamanga iliyotumiwa kwa kazi hiyo. Pete ya leo ni salama zaidi, mradi ipimwe na mhudumu wa afya, isafishwe na kukaguliwa kwa wakati wake. Ikisahaulika ndani kwa miaka, huleta vidonda.

Upasuaji hufanywa pale njia hizo zinaposhindwa au mgonjwa anapouchagua. Daktari huweza kushona kuta za uke, kukipandisha kizazi au kukiondoa. Kwa mwanamke anayetaka kuzaa tena, kwa kawaida hushauriwa asubiri, kwa kuwa mimba nyingine huweza kuharibu kilichoshonwa.

Jambo moja halina budi kusemwa kinagaubaga. Kwa miaka mingi nyavu za plastiki zilitumiwa katika nchi tajiri kuinulia viungo vilivyoshuka kupitia ukeni, na wanawake wengi wakabaki na maumivu makali. Uingereza ilisimamisha matumizi yake mwaka 2018, na mwaka 2019 Marekani ikaamuru kampuni ziache kuziuza kwa kazi hiyo. Mgonjwa yeyote anayo haki ya kumuuliza daktari wake ni kitu gani kitakachowekwa mwilini mwake, na kama ipo njia mbadala.

Nchini Nepal, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2008 kuwa kushuka kwa kizazi ni suala la haki za uzazi, na kuiagiza serikali ichukue hatua. Uamuzi huo una funzo kwetu: maradhi yanayoletwa na uzazi usio na huduma na kazi nzito isiyo na mapumziko si siri ya mwanamke mmoja, bali ni dhima ya umma.

Dhana potovu

Wapo wanaoamini kuwa maradhi haya ni laana au matokeo ya kurogwa. Wengine hudai kuwa ni malipo ya uasherati. Dhana hizo hazina msingi, na zimewafanya wanawake wengi kufukuzwa makwao ilhali jeraha lao lilitokana na kumzaa mtoto wa mume yule yule anayewafukuza.

Kuna pia wanaoshauriwa kuingiza shabu, majani au vitu vingine ukeni ili "kukaza." Vitu hivyo hukausha na kuchubua ngozi laini ya uke, vikafungua mlango kwa maambukizi, ikiwemo virusi vya Ukimwi. Misuli haiguswi kamwe, kwa kuwa imo ndani zaidi ya ngozi hiyo.

Dhana nyingine ni kwamba sodo au kipande cha leso kinatosha. Vitu hivyo humsitiri mtu akiwa safarini, lakini havitibu. Anayevivaa kwa miaka bila kumwona daktari anauziba ufa kwa karatasi.

Tuanzie wapi?

Mwanamke mwenye dalili hizi aanzie kituo cha afya kilicho karibu, na aseme tatizo lake kwa maneno ya wazi. Kama anaona haya, aandike kwenye karatasi mambo matatu: ni lini lilipoanza, huvuja wakati gani, na alijifungua vipi. Karatasi hiyo imhudumie pale ulimi utakapokuwa mzito.

Wajawazito nao waulize kuhusu mazoezi ya nyonga wanapohudhuria kliniki. Kuyaanza mapema, kabla ya kuvuja kokote, hupunguza uwezekano wa kuvuja mwishoni mwa mimba na miezi ya kwanza baada ya kujifungua.

Kinga kubwa zaidi ni kujifungulia mikononi mwa mtaalamu. Kulingana na takwimu za kitaifa, kiwango cha akina mama wa Kenya waliosaidiwa kujifungua na wahudumu wenye ujuzi kilipanda kutoka asilimia 62 katika utafiti wa mwaka 2014 hadi asilimia 89 mwaka 2022. Ni hatua kubwa, lakini kila mama aliyebaki nje ya hesabu hiyo anaweza kukwama kwenye uchungu bila ya mtu wa kumpeleka kwenye upasuaji kwa wakati.

Kuhusu gharama, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya hazina ya NHIF mnamo Oktoba 2024. Mgonjwa aulize mapema hospitalini ni huduma zipi zinazolipiwa, ili asije akashtukizwa na bili. Mara nyingi kikwazo huwa ni nauli wala si ada ya daktari. Hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam ilitambua hilo, na mwaka 2009 ikaanza kuwatumia wagonjwa wa nasuri nauli kupitia M-Pesa. Vyama vya akina mama na makanisa na misikiti yetu havishindwi kufanya hivyo.

Mgonjwa asingoje siku ya kliniki iwapo ana damu kwenye mkojo, ameshindwa kabisa kukojoa, ana homa pamoja na maumivu ya mgongo, anatokwa na damu baada ya kukoma hedhi, au amekufa ganzi ghafla kwenye msamba huku miguu ikilegea. Hizo ni dalili za hatari zinazohitaji daktari siku hiyo hiyo.

Wajibu wa waume

Waume nao wana sehemu yao. Mume anayemtekea mkewe maji katika miezi ya kwanza baada ya kujifungua anailinda misuli hiyo kuliko dawa yoyote atakayoinunua baadaye. Anayempa mkewe nauli ya hospitali, akamngoja apone bila kumharakisha kwenye tendo la ndoa, anatibu pamoja na daktari.

Kwa mavyaa na mashangazi, wakati umefika wa kuibadilisha kauli ile ya zamani. Mzazi mchanga akisema anavuja, asiambiwe kwamba hata sisi tulivumilia. Aulizwe amemwona daktari lini, na kama bado, nani atabaki na mtoto ili aende.